Fundi wa taa anayewaambia madereva wafumbe macho

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba. Asubuhi imeamka na mawingu mazito upande wa milimani, lakini mvua haijadondoka. Upepo unapeperusha vumbi jepesi katika barabara ya karakana, na kila anayefika kufungua duka lake anatazama juu kwanza kabla ya kugusa kufuli.

Saa moja na nusu, trekta la bluu linaingia taratibu katika uwanja wa karakana ya umeme wa magari. Limepakwa rangi mpya kuanzia pua hadi madigadi yanayofunika magurudumu ya nyuma. Linang'aa kiasi kwamba fundi wa kuchomelea wa jirani anaacha kazi yake, anapandisha miwani myeusi kwenye paji la uso na kuuliza, "Hilo linakwenda shambani au linakwenda kuposa?"

Dereva hacheki. Anazima injini na kubaki juu ya kiti, mikono yote miwili ikiwa bado kwenye usukani.

Mwanamke wa makamo anatoka ndani ya karakana akijifuta mikono kwa kitambaa. Amevaa ovaroli ya kijivu, na katika mfuko wa kifuani kuna koleo, kipande cha chaki na taa ndogo ya kupimia umeme. Haendi kwenye trekta moja kwa moja. Anasimama kizingitini, anainamisha kichwa, na midomo yake inacheza kwa muda mfupi bila sauti.

"Namwomba Mungu mambo mawili tu kila asubuhi," anasema baadaye. "Nisiharibu mali ya mtu. Na nikiharibu, nisimdanganye."

Mtaani anaitwa Mama Fyuzi. Jina hilo alipewa na madereva wa malori kwa sababu kila anayemjia na malalamiko, iwe ni taa isiyowaka au honi isiyolia, hukutana na swali moja: "Fyuzi umeitazama?" Wengi huwa hawajaitazama. Wanarudi garini, wanaikuta imekatika, wananunua nyingine kwa mumewe anayeuza kwenye kaunta ya mbele, na kuondoka wakijicheka wenyewe.

Kazi ya leo si ya fyuzi. Kikundi cha wakulima chenye wanachama thelathini na mmoja kimeleta trekta lake pekee lifungwe taa za kazi, ili liweze kulima hata jua likishazama. Dereva aliyekaa juu ya kiti, ambaye watu humwita Kapteni, ni mdogo wa mume wa Mama Fyuzi. Kwa misimu minne sasa, Kapteni amekataa katakata kuliendesha trekta hilo jioni.

"Leo ndiyo leo," anasema mwenyekiti wa kikundi, mama mrefu mwenye sauti iliyozoea mikutano, akishuka kwenye pikipiki iliyomleta. "Kamati ilikaa Jumapili. Trekta lisipoanza kulima jioni kabla ya Jumamosi, ufunguo anapewa dereva mwingine. Mimi mwenyewe nimeumia kulisema, lakini nimelisema."

Sababu anayo. Mashamba ya kikundi yako pande zote mbili za mto, na saa za mchana hutosha yale ya karibu tu. Msimu uliopita wanachama wa ng'ambo walipanda wakiwa wamechelewa, na mahindi yao yakakauka yakiwa yamefika kiunoni. Mwaka huu wamesema hawatanyamaza.

Kapteni anayasikia yote hayo kutoka juu ya kiti. Ana watoto watatu na hana kazi nyingine anayoijua. "Ukiniondolea trekta," anasema, "mimi nabaki mtu wa kubeba magunia sokoni. Na mgongo wenyewe ndio huu."

Hadi alipofikisha miaka arobaini, Mama Fyuzi alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya kukodi. Mumewe alipoumia mguu na kipato cha nyumba kikabaki kwenye sindano yake peke yake, alisikia kwamba chuo cha ufundi kilicho karibu na kituo cha mabasi kinafundisha umeme wa magari jioni, kwa watu waliokwisha kutoka kazini. Alikwenda kuuliza akiwa bado na futi ya kupimia nguo shingoni.

Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya ishirini. Mwanamke alikuwa yeye peke yake, na mwalimu alikuwa na umri wa kifungua mimba wake.

"Siku ya kwanza mwalimu alinipa shikamoo, halafu akaniuliza nimekuja kumfuatilia mwanangu yupi," anasema akicheka. "Nikamjibu, marahaba mwalimu, mwanangu mwenyewe ni mimi."

Anayesoma jioni baada ya kazi ya kutwa anajua adui yake ni nani. Si somo, ni usingizi. Mama Fyuzi alijifunza kusimama nyuma ya darasa, mgongo ukiegemea ukuta, kwa sababu akikaa tu kwenye dawati kichwa kilikuwa kinashuka chenyewe. Usiku wa kuamkia mtihani alipiga magoti kando ya kitanda. Anasema hakumwomba Mungu ashinde. Alimwomba asisinzie.

Kilichomshinda kwa miezi mingi ni michoro ya umeme. Mistari ilikuwa ikimchanganya, yote myeusi, yote ya penseli. Jioni moja, kwa hasira zaidi kuliko akili, alichukua kitambaa cheupe kilichobaki kwenye shati la shule akaushona mchoro mzima kwa nyuzi: nyekundu kwa umeme unaotoka kwenye betri, nyeusi kwa unaorudi.

"Hapo ndipo nilipoona," anasema. "Uzi mwekundu unakwenda, mweusi unarudi. Usiporudi, taa haiwaki. Basi, somo lote ni hilo, mengine ni majina."

Kitambaa hicho bado kimetundikwa ukutani ndani ya karakana, kando ya kalenda. Madereva wengine hudhani ni urembo.

Leo, kwa kazi hiyo, analipa karo za watoto wake wawili wa mwisho na kodi ya fremu anayofanyia kazi, na mwaka jana aliirudisha ile cherehani kwa mwenyewe. Anawashukuru waliomletea pikipiki zao alipokuwa ndiyo kwanza anaanza. "Walinionea huruma tu," anasema. "Mungu awape maisha marefu. Huruma nayo ni mtaji."

Lakini kinachoyaleta matrekta na malori kwake kutoka mbali ni jambo jingine, na hilo halikufundishwa chuoni.

Mama Fyuzi hatoboi tundu lolote kabla dereva hajakaa kwenye kiti chake na kufumba macho. Humwambia ajione yuko kazini. Kisha humwambia ageuke, akiwa bado amefumba, anyooshe kidole kuelekea kitu ambacho huwa anakitazama. Asifikirie, anyooshe tu. Pale kidole kinapolenga, yeye huweka alama ya chaki, na taa hufungwa ili imulike hapo.

"Ukimuuliza dereva anataka taa wapi, atakwambia mbele na juu, kama gari la bwana harusi," anaeleza. "Nilishawahi kufunga hivyo. Lori lilipendeza, dereva akarudi baada ya wiki moja analalamika haoni anapopakia mchanga. Tangu hapo siwaulizi. Mdomo unapenda sifa, shingo inajua kazi."

Mwenyekiti naye alikuwa amefika na wazo lake. Alitaka taa zote nne zikae kwenye upinde wa chuma ulio juu ya kiti, zionekane hata ng'ambo ya mto.

"Zionekane na nani, mwenyekiti?" Mama Fyuzi anamuuliza kwa upole.

"Na wanachama. Wajue trekta lao linafanya kazi."

"Wataliona. Lakini ardhi kavu ikilimwa inatoa vumbi, na taa ikiwa juu ya kichwa cha dereva inamulika vumbi, haimuliki udongo. Atakuwa kama mtu anayelima ndani ya unga."

Mwenyekiti anatafakari, kisha anakubali kwa kutikisa kichwa. Mchomeleaji, ambaye hajarudi kazini kwake, anasema kwa sauti kwamba leo ni mara ya kwanza kumwona mwenyekiti akishindwa kura.

"Haya shemeji," Mama Fyuzi anasema. "Fumba macho. Uko shambani, plau iko chini, jua limezama. Geuka utazame unachokitazama."

Kapteni anafumba. Bega la kushoto linarudi nyuma, shingo inageuka, na kidole kinanyooka. Hakilengi plau, wala mstari unaolimwa. Kinalenga chini, kando ya gurudumu la kushoto, hatua chache nyuma yake, mahali ambapo hakuna chombo chochote.

Mama Fyuzi amekwisha kuinua chaki. Anaishusha.

"Shemeji, hapo hakuna plau."

"Najua," anajibu, macho bado yamefumba.

"Sasa unatazama nini?"

"Natazama kama kaka yupo," anasema.

Misimu minne iliyopita, taa za nyuma za trekta hilo zilikuwa zimekufa siku nyingi, na kikundi kilikuwa na njia yake ya kulima gizani. Mtu mmoja alitembea kwa miguu nyuma ya trekta, upande wa kushoto, akiimulika plau kwa tochi ili dereva akigeuka aone kama mstari umenyooka. Mtu huyo alikuwa mume wa Mama Fyuzi, kaka wa dereva. Ndugu hao wawili walikuwa wamejiwekea lugha yao. Tochi ikizungushwa, simama. Tochi ikilala chini, endelea tu, mwenye tochi anafunga kamba za viatu, atakufikia.

Jioni ile kaka aliteleza kwenye mstari na kuanguka, tochi ikamtoka mkononi. Kapteni aligeuka akaiona imelala chini. Akaelewa vile alivyozoea kuelewa. Alipofika mwisho wa mstari akarudisha trekta nyuma ili kuunyoosha, na gurudumu la plau likapita juu ya mguu wa kaka yake, ambaye alikuwa bado hajainuka.

Kaka alipoteza vidole viwili vya mguu, na kifundo hakikunjiki vizuri hadi leo.

Hawakugombana. Kaka alipotoka hospitali alisema kosa ni la tochi, watu wakacheka, ikaonekana yamekwisha. Lakini Kapteni aliacha kulima jioni, na nyumbani kwa kaka yake akawa anakuja mchana tu, anaacha mfuko wa mahindi au ndoo ya viazi mlangoni, anasalimia akiwa amesimama, anaondoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Si yeye, si kaka, si Mama Fyuzi.

"Nilikuwa namwombea," anasema Mama Fyuzi. "Lakini kumwuliza sikumwuliza. Nilidhani kuomba kunatosha."

Kaka mtu yuko umbali mfupi tu asubuhi hii. Tangu trekta lilipoingia, amejifungia nyuma ya kaunta akipanga upya maboksi ya balbu ambayo hayakuhitaji kupangwa. Mkewe alikuwa amemwambia usiku kwamba trekta litakuja. Akajibu kwamba atabaki ndani, asije akamfedhehesha mdogo wake mbele za watu.

Sasa amesikia. Anatoka akichechemea, mkono mmoja umeshika kigoda. Anakiweka kando ya mlango, mbele kabisa ya pua ya trekta, na kukaa.

"Mdogo wangu, fumbua macho," anasema.

Kapteni anafumbua.

"Mimi niko hapa. Nauza balbu. Ukinitafuta huko nyuma utaivunja shingo bure, na shemeji yako hafungi taa za shingo."

Mchomeleaji anacheka, kisha anaona hakuna mwingine anayecheka, ananyamaza. Kapteni anamtazama kaka yake kwa muda mrefu. Anafuta uso kwa kofia, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Kaka, ile siku nilidhani unafunga viatu," anasema.

"Najua ulidhani hivyo. Hata ningekuwa mimi ningedhani hivyo hivyo. Lugha tuliitunga wote." Anamgeukia mkewe. "Mwambie afumbe tena, jua linapanda."

Kapteni anafumba macho mara ya pili. Bega linarudi nyuma. Safari hii kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye plau, upande inapougeuza udongo. Anapoambiwa ageukie upande wa kulia, kinalenga ukingo wa shamba ambao gurudumu hufuata. Mama Fyuzi anapiga alama zake za chaki juu ya rangi mpya, akiomba radhi kwa kuichafua.

Kazi yenyewe inachukua kutwa. Anafunga taa mbili kwenye madigadi, chini kidogo ya bega la dereva, zikiinamia plau. Mbili nyingine zinakwenda pembeni mwa madigadi hayo hayo, chini zaidi, kwa ajili ya ukingo na kona. Waya hazipitishi mahali popote zinapoweza kukanyagwa au kugusa bomba la moshi. Anazivisha mpira mweusi na kuzifunga kwenye fremu kwa vipande vifupi vifupi, kwa mkono uleule uliokuwa ukifunga pindo.

Kati ya betri na taa anaweka fyuzi yake, na rilei, kijisanduku kidogo kinachobeba mzigo wa umeme ili swichi isiungue. Swichi yenyewe anaiweka upande wa kulia wa usukani. Kapteni anauliza kwa nini si kushoto, kulikokuwa na nafasi zaidi.

"Kushoto una kazi ya klachi," anajibiwa. "Sitaki mkono na mguu wa upande mmoja vigombane."

Mchana wanakula mkate na maharage wakiwa wamekaa kwenye tairi kuukuu. Kaka na mdogo wanagawana kikombe kimoja cha chai kwa kuwa cha pili kina nati ndani yake. Wanazungumza habari za bei ya dizeli. Mama Fyuzi anaonekana akiwatazama, kisha anainamia waya zake haraka.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mwenyekiti anarudi. Safari hii amekuja na wanachama wanane, wengi wao wa ng'ambo ya mto, na hawakuja na nyuso za kucheka. Wanasimama nusu duara kuzunguka trekta. Giza limeanza kushuka.

Kapteni anawasha injini. Mama Fyuzi anamwonyesha kwa kichwa, naye anabonyeza swichi.

Taa zinawaka, lakini si kwa mwanga uliotarajiwa. Zinatoa wekundu hafifu kama makaa yanayozimika, zinacheza mara mbili tatu, na moja ya kushoto inakufa kabisa. Mmoja wa wanachama anaguna. Mwingine anasema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba kibatari cha kwake kingeweza zaidi.

Kapteni anazima injini. Anashuka, anakwenda hadi kwa mwenyekiti na kumnyooshea ufunguo.

"Shika, mama. Mungu amekwisha kusema."

Mama Fyuzi amekwisha kupiga goti kando ya gurudumu la kushoto. Hainui hata kichwa.

"Mungu hajasema kitu, shemeji. Rudisha mkono wako, uje unishikie tochi."

Anaigusa waya nyekundu kwa taa yake ndogo ya kupimia. Inawaka vizuri. Anasogea kwenye bati la madigadi, anapima, anapima tena. Anakaa chini kabisa kwenye udongo na kufikiri, macho yake yakiwa mlangoni, kule ndani kilikotundikwa kile kitambaa.

"Kwenda unakwenda," anasema. "Haurudi. Shemeji, haya madigadi uliyapaka rangi yakiwa hapa hapa, au uliyafungua?"

"Niliyafungua," Kapteni anajibu. "Nikapaka mpaka chini yake, na pale yanapokaa. Nilitaka lipendeze. Nilisema, kama ndiyo siku yangu ya mwisho nalo, basi nimkabidhi mtu likiwa safi."

Mwenyekiti anautazama ufunguo ambao bado uko mkononi mwa Kapteni.

"Basi umeme haupiti kwenye rangi," Mama Fyuzi anasema, akiinuka. "Taa zangu niliyategemea madigadi yazirudishie umeme kwenye mwili wa trekta, na madigadi yamekalia rangi tupu. Mimi nilikwangua chini ya taa, sikuuliza bati lenyewe limekaa juu ya nini. Nilipojaribu moja moja mchana zilionekana nzima. Mzigo wote ulipokuja pamoja, njia ikawa nyembamba. Kosa ni nusu lako, nusu langu. Langu ni kubwa zaidi, maana mimi ndiye fundi."

Analisema hilo mbele ya wanachama wote, kwa sauti ile ile anayoulizia fyuzi. Kisha anaomba msasa.

Kapteni ndiye anayesugua. Anaiondoa rangi aliyoipaka mwenyewe kwa mikono yake, kuzunguka kila bolti, hadi chuma cheupe kionekane. Mama Fyuzi, kwa upande wake, hataki tena kulitegemea bati. Anakata waya nne nene nyeusi na kuzipeleka kutoka kwenye kila taa hadi kwenye mwili wa injini, na kuzikaza huko.

"Sasa pakeni rangi mpaka matairi mkitaka," anasema.

Mara ya pili Kapteni anapobonyeza swichi, uwanja wote unakuwa mweupe. Anayeguna hayupo. Mwanachama aliyetaja kibatari anajikinga macho kwa mkono.

Nyuma ya karakana kuna kiwanja kitupu cha mchomeleaji, ambamo amekuwa akikusudia kupanda mboga. "Limeni hapo, limeni," anawahimiza. "Mimi nilikuwa natafuta wa kunilimia bure tangu Agosti." Kapteni anashusha plau na kuanza. Udongo unageuka ukiwa unaonekana wazi, bonge kwa bonge, na vumbi linapita juu ya mwanga bila kuuziba. Mstari wa kwanza umepinda kidogo. Wa pili umenyooka.

Katikati ya mstari wa tatu, kaka mtu anainuka kwenye kigoda chake. Bila kumwambia yeyote, anachechemea kuuzunguka uzio na kuingia kiwanjani, mbali nyuma ya trekta, upande wa kushoto. Kabla mkewe hajamaliza kuliita jina lake, trekta limekwisha kusimama na injini imezimwa.

"Kaka, toka hapo." Sauti ya Kapteni ni kali. Wanaomfahamu wanasema hawajamsikia akimkaripia kaka yake tangu wakiwa watoto.

"Umeniona?"

"Nimekuona mpaka vifungo vya shati. Kimoja hakipo. Toka hapo."

"Nilitaka kujua tu," kaka anasema, akirudi taratibu kando ya uzio. Mama Fyuzi anampokea kwa maneno ambayo gazeti hili halitayachapisha. Wanachama wa ng'ambo, ambao jioni nzima walikuwa hawajacheka, wanacheka sasa.

Baadaye, akikusanya koleo na vipande vya waya, fundi huyo anaeleza anachokusudia. Katika eneo hili anayajua matrekta saba mengine ambayo bado yanamulikiwa na watu wanaotembea kwa miguu. Anataka ayafikie yote kabla mvua haijakolea, hata kama wengine watalipa baada ya mavuno. Na mwezi ujao anarudi kwenye kile chuo cha jioni, mara hii akiwa amealikwa na mwalimu wake wa zamani aje awaonyeshe wanafunzi wapya lile jambo la kufumba macho. Amekwisha kuifua ovaroli ya pili.

"Nitakaa nyuma kama kawaida yangu," anasema. "Sijazoea kukaa mbele."

Mwenyekiti anapiga makofi mara moja kuwaita watu. Anasema kamati ilitaka neno la dereva, na yeye hawezi kuirudishia kamati mwanga tu. Anamuuliza Kapteni kama ana la kusema, na anamwomba alisemee hapo, kila mtu asikie.

Kapteni anashuka kwenye trekta. Anavua kofia. Wanachama wanane wamemzunguka, na mchomeleaji, na shemeji yake mwenye mikono myeusi, na kaka yake aliyesimama kwa mguu mmoja ulio mzima. Anazungumza polepole, kama mtu anayehesabu kila neno kabla ya kulitoa.

"Nasema mbele yenu na mbele ya Mwenyezi Mungu. Kuanzia kesho nalima jioni, naanza na mashamba ya ng'ambo. Lakini hakuna mtu atakayetembea kwa miguu nyuma ya trekta hili nikiwa juu yake. Awe na tochi, asiwe na tochi, awe ndugu yangu wa tumbo moja au awe mwenyekiti. Mkinikuta nimemruhusu mtu, chukueni ufunguo na msinirudishie. Na taa ikizimika, hata kama umebaki mstari mmoja na mvua iko kichwani, nazima injini na kukaa hapo hapo mpaka shemeji afike."